Shwari: maana yake na namna linavyotumika

Bahari ikiwa shwari, upepo umelegea, mawimbi hayana nguvu na uso wa maji umelala. Hii maana ya baharini ndiyo shina. "Mambo shwari" na "hali ni shwari" ni matawi yaliyoota baadaye.

Lamu neno hili lina uzito, kwa kuwa safari nyingi ni za maji. Wakati wa kusi, takriban Aprili hadi Septemba, bahari ya nje huchafuka, na kaskazi ya Disemba hadi Machi huwa na nafuu. Shwari yenyewe huonekana zaidi pepo hizi mbili zinapopokezana. Hata siku moja ina saa zake: alfajiri jua halijaipasha nchi moto, upepo wa baharini haujaanza kuvuma, na maji hutulia. Mwenye haraka ya kuvuka aondoke saa hizo.

Lakini si kila mtu huiombea shwari. Abiria wa boti ya mashine anayekwenda Faza ataifurahia. Nahodha wa mashua ya tanga akikutwa nayo njiani, tanga humlegea, chombo hakiendi, na mabaharia hushika makasia, au pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, kama maji ni machache. Kwa hiyo naona ni kosa kulifasiri neno hili kuwa "hali nzuri" basi. Shwari ni kukosekana kwa msukosuko. Kama ni heri au shari, inategemea unauhitaji upepo au huuhitaji.

Kisarufi ni jepesi, halichukui kiambishi: bahari shwari, maji shwari, siku shwari. Huwa nomino pia, kama katika "kumeingia shwari".

Wengi hulichanganya na "tulivu". Mtu mtulivu ana tabia ya utulivu. Mtu aliye shwari hana tatizo kwa sasa, hata akiwa mwepesi wa hasira. Ukisikia "nyumbani kwao si shwari", ujue kuna ugomvi. Upande wa fedha, huduma ya akiba na mikopo ya M-Shwari, iliyozinduliwa Kenya mwaka 2012, ililichukua jina hili kwa maana hiyo ya kutokuwa na wasiwasi.

Angalia pia taarifa za habari: "hali imerejea kuwa shwari" husemwa baada ya vurugu. Mji ambao haukuchafuka hausemwi hivyo.