Amri ya timu na kuziba njia katika langalanga: msaada unaishia wapi, hila inaanzia wapi

Julai 25, 2010, Hockenheim, Ujerumani. Felipe Massa anaongoza mbio za langalanga (Formula One). Ni mwaka mmoja kamili tangu springi iliyochomoka kwenye gari jingine impige kichwani huko Hungaria, akanusurika kufa. Mhandisi wake anamwita redioni na kumwambia taratibu, kama anayesoma imla: Fernando ana kasi kuliko wewe. Kisha anamuuliza kama ujumbe ameuelewa. Muda si mrefu Massa anachelewa kukanyaga mafuta akitoka kwenye kona, na Fernando Alonso, mwenzake wa timu ya Ferrari, anampita. Mhandisi anarudi redioni kumwomba radhi.

Hiyo ndiyo amri ya timu: agizo la wakubwa kwa dereva, aendeshe kwa faida ya mwenzake hata kama yeye mwenyewe anapoteza. Inatokea kwa sababu langalanga ni mashindano mawili yanayokimbizwa kwa wakati mmoja. Kuna ubingwa wa madereva na kuna ubingwa wa timu, na kila timu ina magari mawili. Anayekulipa mshahara ni yuleyule anayemlipa mpinzani wako wa karibu kuliko wote.

Zamani jambo hili halikuwa na aibu. Mwaka 1956 huko Monza, Peter Collins alishuka kwenye gari lake katikati ya mbio akampa mwenzake wa timu, Juan Manuel Fangio, ambaye lake lilikuwa limeharibika. Collins mwenyewe alikuwa bado na nafasi ya kutwaa ubingwa. Fangio akautwaa, na Collins akasifiwa kwa uungwana.

Kilichobadilisha hisia za watu ni Austria, 2002. Rubens Barrichello wa Ferrari aliongoza tangu mwanzo, kisha mita chache kabla ya mstari wa kumalizia akapunguza mwendo ili mwenzake, Michael Schumacher, apite. Msimu ulikuwa bado mchanga na Schumacher alikuwa tayari kileleni, kwa hiyo hakuna aliyeona dharura iko wapi. Mashabiki walizomea. Schumacher, kwa kuona haya, akamsukuma Barrichello apande ngazi ya juu ya jukwaa la washindi. Ferrari ikatozwa faini ya dola milioni 1, nusu yake ikiwa ya kusubiri (isilipwe kama kosa halirudiwi), lakini kosa lililoandikwa lilikuwa kuvuruga utaratibu wa jukwaani. Kupishana kwenyewe hakukuwa na kanuni ya kukukataza. Kanuni ikaja mwaka uliofuata: amri za timu zinazoathiri matokeo, marufuku.

Marufuku hiyo ilishindwa kwa sababu nyepesi sana. Rudia ile sentensi ya Hockenheim uitazame: ni taarifa tu, haiamuru chochote. Mafumbo ya namna hiyo ndiyo yaliyotumika miaka yote ile. Ferrari ilitozwa dola 100,000, matokeo yakaachwa kama yalivyo, na kuanzia 2011 marufuku ikaondolewa. Kwa maoni yangu ilikuwa haki iondoke. Kanuni inayowafundisha watu kusema kwa mafumbo haiwazuii kitu.

Kuziba njia ni jambo jingine, ingawa mara nyingi huja pamoja na amri ya timu. Dereva anayetetea nafasi yake ana haki ya kubadili mstari mara moja tu kumzuia anayemfuata. Akiyumba huku na huku, au akihama wakati mwenzake ameshashika breki, amekosa. Pia haruhusiwi kwenda polepole isivyo lazima, wala kuendesha kwa namna ya kuhatarisha wengine. Ndani ya mipaka hiyo, kujilinda ni sehemu ya ufundi. Utata unaanza pale dereva anapojigeuza kizibo kwa ajili ya mtu mwingine.

Mfano ulio wazi ni Jeddah, Saudi Arabia, 2024. Kevin Magnussen wa timu ya Haas alikuwa na adhabu mbili za sekunde 10, kwa hiyo mbio zake mwenyewe zilikuwa zimekwisha. Mwenzake, Nico Hülkenberg, alikuwa mbele lakini hajabadilisha matairi. Basi Magnussen akawa kama lori kwenye mlima, foleni nzima nyuma yake, hadi Hülkenberg akapata nafasi ya kuingia piti, sehemu ya kubadilishia matairi, na kutoka bado yuko mbele yao. Hülkenberg akamaliza wa 10, pointi moja. Kinachouma ni hiki: moja ya zile adhabu Magnussen aliipata kwa kumpita Yuki Tsunoda nje ya mipaka ya barabara, na ni kwa kumpita hivyo ndipo alipoweza kumzibia. Kosa lililipiwa na gari ambalo halikuwa na cha kupoteza, faida ikaenda kwa gari la pili. Mtu akiniambia hapo pana shimo katika kanuni, sitabishana naye.

Monaco 2025 iliongeza chumvi. Kila dereva alilazimika kubadilisha matairi walau mara mbili, kwenye barabara nyembamba ambako kupitana ni kama haiwezekani. Timu za Racing Bulls na Williams zikafanya zilezile za Jeddah. George Russell, akiwa amenasa nyuma ya Alex Albon wa Williams, alichoka akakata kona makusudi ili ampite, na akasema redioni kwamba adhabu ataibeba. Waamuzi wakamtoza kupita ndani ya piti kwa mwendo wa polepole, adhabu kali kuliko aliyoitarajia.

Yapo yasiyo na utata wowote. Mwaka 2006, hukohuko Monaco, Schumacher alisimamisha gari kwenye kona ya Rascasse wakati wa kusaka nafasi za kuanzia, wenzake wakakwama. Waamuzi walichunguza alivyoshika breki na usukani, hawakuridhika, wakamfutia muda wake akaanza mkiani. Singapore 2008, Nelson Piquet Jr. aligonga ukuta kwa kuagizwa, gari la usalama (linalopunguza mwendo wa wote baada ya ajali) likatoka, na Alonso, mwenzake wa Renault aliyekuwa ameshaingia piti, akanufaika na kushinda.

Na kuna siku amri ilikwenda kinyume. Abu Dhabi 2016, Lewis Hamilton aliongoza kwa mwendo wa kobe makusudi, ili wanaomfuata Nico Rosberg, mwenzake wa Mercedes na mpinzani wake wa ubingwa, wamfikie na kumpita. Mercedes ilimwamuru aongeze kasi. Hakuongeza. Alishinda mbio, Rosberg akamaliza wa pili na kutwaa ubingwa kwa tofauti ya pointi 5.