Mafua katikati ya programu ya kukimbia: yanayosemwa na yaliyo kweli

Wiki ya kwanza ulikuwa ukihema baada ya dakika moja. Sasa uko wiki ya nne, unakimbia dakika tano mfululizo, na asubuhi ya leo umeamka koo linawasha na pua imeziba. Viatu viko mlangoni vinakungoja. Hapo ndipo ushauri huanza kumiminika, na mwingi wake hauna msingi. Nimeona watu wakiacha kukimbia moja kwa moja baada ya wiki moja ya kuumwa, na kilichowaachisha si mafua, ni walichoambiwa kuhusu mafua.

“Toka ukakimbie, yatatoka na jasho.”

Jasho ni maji na chumvi kidogo, na kazi yake ni kuupoza mwili. Virusi vinavyoleta mafua, ambavyo viko zaidi ya aina 200, huzaana ndani ya chembe za utando wa pua na koo. Jasho haliwezi kuvifuata huko.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1998 Thomas Weidner wa Chuo Kikuu cha Ball State, Marekani, alichapisha utafiti ambamo vijana 50 walikubali kuambukizwa mafua kwa makusudi. Kati yao, 34 walifanya mazoezi ya wastani kwa dakika 40, siku moja wanafanya, siku moja wanapumzika. Wengine 16 hawakufanya. Mafua yalidumu muda uleule kwa makundi yote mawili, na makali yake yalilingana. Mazoezi hayakuponya, na hayakudhuru pia. Kwa hiyo wanaosema mgonjwa wa mafua asinyanyue hata mguu nao wamezidisha.

“Ni mafua tu, kimbia kama kawaida.”

Inategemea yako wapi. Madaktari wa michezo huichukua shingo kuwa mpaka. Ikiwa dalili zote ziko juu ya shingo, yaani pua inatiririka, unapiga chafya, koo linawasha kidogo, unaweza kutembea au kukimbia polepole kwa muda mfupi kuliko ulivyozoea. Ukiona baada ya dakika kumi hali inazidi kuwa mbaya, geuza urudi nyumbani. Dalili zikishuka chini ya shingo, kwa mfano kikohozi kinachotoka kifuani, kifua kubana, misuli kuuma mwili mzima, kutapika au kuharisha, hapo viatu vipumzike.

Homa yenyewe haina juu wala chini. Ukiwa nayo, hukimbii.

Neno hili nalo hutuchanganya. Wapo wanaosema “nina homa” wakimaanisha pua imeziba, na wapo wanaosema “ni mafua tu” ilhali mwili unachemka. Tumia kipimajoto. Kikisoma nyuzi 38 au zaidi, hiyo ni homa, uiite jina lolote.

“Homa kidogo haimzuii mkimbiaji.”

Hii ndiyo inayonitia hofu kuliko zote. Kila joto la mwili linapopanda nyuzi moja, moyo huongeza takriban mapigo 10 kwa dakika, kabla hujapiga hatua hata moja. Jaribu mwenyewe: ungali kitandani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, hesabu kwa sekunde 30, kisha zidisha mara mbili. Nikiwa mzima mimi hupata 62. Asubuhi ya homa yangu ya mwisho nilipata 78, na kichwa kilikuwa bado kwenye mto. Moyo ulikuwa tayari kazini, na mimi nilitaka kuupeleka mbio.

Tena, baadhi ya virusi huweza kuushambulia msuli wa moyo wenyewe. Hutokea kwa nadra, lakini mazoezi makali wakati huo yanaweza kuvuruga mapigo kwa namna ya kuhatarisha maisha. Ukisikia maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio au kuruka mapigo bila sababu, pumzi kukuishia kwa kazi ndogo, au kizunguzungu cha kutaka kuzimia, nenda hospitali. Usisubiri zoezi linalofuata uone itakuwaje.

Na tafadhali, usimeze panadoli ili utoke. Panadoli inashusha joto, ugonjwa unabaki palepale. Homa iishe yenyewe bila dawa, kisha jipe siku nyingine moja au mbili.

“Makamasi ya kijani? Meza antibiotiki, kesho utakimbia.”

Rangi hiyo hutoka kwenye chembe nyeupe za damu zinazopambana na maambukizi, na huonekana hata katika mafua ya kawaida kabisa. Antibiotiki haziui virusi.

“Wiki moja bila kukimbia, umerudi sifuri.”

Dhana hii ndiyo inayovunja watu moyo, na vipimo vinaikataa. Mwaka 1984 Edward Coyle na wenzake walichapisha matokeo ya wanariadha 7 wazoefu walioacha mazoezi kabisa. Baada ya siku 21, uwezo wa juu wa miili yao kutumia oksijeni ulikuwa umeshuka kwa asilimia 7. Ni siku 21, si 7, na hao walikuwa watu waliopanda juu sana, wenye mengi ya kupoteza. Kinachopungua mapema zaidi ni majimaji ya damu, hivyo kila pigo la moyo husukuma damu kidogo kuliko awali. Majimaji hayo hurudi upesi ukianza tena. Misuli, kano na mifupa uliyoiimarisha kwa mwezi mzima haiyeyuki kwa wiki, na kama miundi ilikuwa imeanza kuuma, pumziko hili ni faida kwake.

Ila nisikufiche: zoezi la kwanza ukirudi litakuwa gumu. Mimi nilikaa siku 9. Siku ya kurudi, dakika ya tatu tu nilisikia kohozi limening’inia nyuma ya koo na mapaja mazito kama yamelowa maji. Nilikuwa nimelala vibaya na kula kidogo kwa zaidi ya wiki. Zoezi la tatu nilikimbia bila kuhisi tofauti yoyote.

“Lazima uanze tena wiki ya kwanza.”

Couch to 5K (yaani kutoka kwenye kochi hadi kilomita 5), programu iliyobuniwa na Josh Clark mwaka 1996 na ambayo programu nyingi za wanaoanza kukimbia zimeifuata, ina wiki 9 za mazoezi matatu matatu. Hakuna chochote mwilini kinachojua kwamba wiki ni 9. Zikiwa 11 au 13, kilomita 5 ni zilezile.

Mimi hushauri hivi. Ukikosa chini ya wiki moja, rudia zoezi la mwisho ulilolimaliza vizuri. Wiki moja hadi mbili, rudi nyuma wiki moja. Zaidi ya hapo, rudi mbili, au popote unapoweza kukimbia huku ukitamka sentensi nzima. Usilipe deni kwa kukimbia siku mbili mfululizo; mazoezi yaliyopita yamepita.

Usingoje pia kila kikohozi kiishe. Mafua mengi huisha ndani ya siku 7 hadi 10, lakini kikohozi kinaweza kuburuta hadi wiki ya tatu. Kikiwa kikavu, cha kooni, na homa haipo, unaweza kuanza polepole.

Siku hiyo tembea dakika kumi badala ya tano kabla ya kukimbia, na kimbia taratibu kuliko unavyotaka. Kesho yake, kabla hujashuka kitandani, hesabu mapigo. Yakiwa yale uliyoyazoea, zoezi linalofuata ni keshokutwa.