Wakala wa Akili Unde na Stoo Yako: Yanayosemwa na Yalivyo

Wakala tunayemzungumzia si yule wa M-Pesa pale Kibuye. Ni programu ya akili unde inayoongozwa na modeli ya lugha, kama ile iliyo nyuma ya ChatGPT, na iliyopewa zana za kusoma stoo, kutafuta bei au kuomba malipo.

"Modeli huingia yenyewe kwenye hifadhidata."
Haiingii. Hutoa maandishi tu: jina la zana na vigezo vyake, tuseme angalia_stoo, unga, tawi la Kondele. Programu yako ndiyo inayolikagua ombi, kusoma hifadhidata na kurudisha jibu. Basi ulinzi uuweke hapo: akaunti ya hifadhidata iwe ya kusoma tu. Kuiandikia modeli "usifute chochote" si kufuli.

"Jibu likirudi 0, mteja amelipa."
Hili ndilo linalokula pesa za watu. Kwenye Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, ResponseCode 0 ya STK Push (ombi la malipo linalojitokeza kwenye simu ya mteja) ina maana kwamba ombi limepokelewa; mteja huenda hata hajaweka PIN. Habari ya malipo huja baadaye, kwenye anwani ya mtandaoni uliyoitaja katika ombi: ResultCode 0 amelipa, 1032 ameghairi. Kwa hiyo zana isijibu "imefaulu". Ijibu "inasubiri" na kutoa CheckoutRequestID, yaani namba ya kulitambua ombi hilo, kisha zana ya pili iulizie hali kwa namba hiyo. Usipofanya hivyo, mtandao ukikwama kidogo wakala hujaribu tena, na mteja wa Nakuru anadaiwa mara mbili kwa gunia moja. Kugeuza mwanzo wa namba ya simu, 07 kuwa 2547, nako kufanywe na zana, modeli isiachiwe.

"MCP ni ya Claude peke yake."
MCP (Model Context Protocol) ni utaratibu wa kuunganisha modeli na zana. Anthropic, wenye modeli ya Claude, iliitoa Novemba 2024 ikiwa itifaki huria, na OpenAI, wenye ChatGPT, iliikubali 2025. Kinachosumbua ni kingine: seva ya MCP ya aina ya stdio, ile inayoendeshwa kwenye kompyuta yako, hutuma ujumbe wake wa JSON-RPC kupitia stdout, njia ileile ambayo print huandikia, kwa hiyo print moja ya kutafutia hitilafu huvuruga mazungumzo yote. Kumbukumbu za programu ziende stderr, njia ya pembeni ya makosa.

"Zana zikiwa nyingi, wakala huwa mwerevu zaidi."
Maelezo ya kila zana hula nafasi ya muktadha, yaani maandishi ambayo modeli inaweza kuyazingatia kwa wakati mmoja, na tafuta_bei ikikaa karibu na pata_bei, wakala huchagua kwa kubahatisha. Anza na tatu.

"Data ya kusomwa tu haina madhara."
Barua pepe ya msambazaji yaweza kuficha amri, na modeli ikaitii. Zana yoyote inayotoa pesa isubiri mtu abonyeze kukubali.