Je, wajua: nani hasa humnyima mtu uteuzi wa Oscar?

Majina ya wanaowania Oscar, tuzo kubwa za filamu za Marekani, husomwa California saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kwetu Mombasa huwa ni saa kumi na nusu jioni, watu wameshaswali Alasiri na muuza kahawa wa Mji wa Kale anapita akigonganisha vikombe. Jumanne ya tarehe 23 Januari 2024 nilikuwa barazani, simu mkononi, na mtoto wa kaka yangu ubavuni. Filamu ya Barbie, iliyokuwa imeingiza pesa nyingi kuliko nyingine yoyote mwaka 2023, ilipata uteuzi mara nane. Mwelekezi wake, Greta Gerwig, hakuwamo kati ya waelekezi watano. Margot Robbie, aliyekuwa ndiye Barbie mwenyewe, hakuwamo kati ya waigizaji wa kike watano. Ryan Gosling, aliyeigiza Ken, alikuwamo.

Binti akaniuliza, "Ami, kwani ni nani waliowanyima?"

Nikamjibu kwa yakini kwamba ni majaji. Nikamweleza kuhusu watu kumi au kumi na wawili wanaofungiwa chumbani na orodha ya majina, wanabishana juu ya kila moja, hili wanalipitisha, hili wanalikata. Jibu lile lilikuwa kosa mwanzo hadi mwisho, na kwa kuwa nimesikia wengi wakilitoa vilevile kila Januari, nataka kulirekebisha polepole.

Picha ya chumba cha majaji tumeipata mahali. Kila mtu aliyesoma Kenya amewaona majaji wa mashindano ya muziki na drama ya shule, wameketi nyuma ya meza wakiandika alama, na mmoja wao akasimama mwishoni kueleza kwa nini shule fulani imeanguka. Tamasha la filamu la Cannes nalo lina jopo dogo la watu kama tisa chini ya rais wao, na hao hukaa pamoja wakajadiliana kweli. Halafu tuna Kalasha, tuzo za Kamisheni ya Filamu ya Kenya, ambako watazamaji nao huombwa kupiga kura. Kwa hiyo tunapoona orodha ya Oscar, akili inajichagulia kati ya mawili: ama wakubwa wachache wameamua, ama umma umeamua. Oscar haimo katika lolote kati ya hayo.

Akademia ya Marekani inayotoa tuzo hizi ilianzishwa mwaka 1927, na leo ina wanachama wapatao 10,000 wenye haki ya kupiga kura. Wamegawanywa katika matawi kwa kazi zao: waigizaji, waelekezi, waandishi, wahariri, watu wa sauti, na kadhalika. Katika hatua ya uteuzi, kwa sehemu kubwa, kila tawi huteua watu wa kazi yake. Waigizaji huteua waigizaji, waelekezi huteua waelekezi. Filamu Bora huteuliwa na wanachama wa matawi yote. Kila mtu hupiga kura peke yake kwenye kompyuta yake, hakuna kikao wala mjadala, na kampuni ya wahasibu ndiyo inayohesabu.

Ukilijua hilo tu, kelele za Januari ile zinabadilika sura. Waliomteua Gerwig kwa uandishi, kwa maana aliteuliwa kwa uandishi pamoja na Noah Baumbach, ni waandishi. Ambao kura zao hazikumfikisha kwenye orodha ya waelekezi ni waelekezi, kundi jingine kabisa. Robbie pia aliteuliwa, kama mmoja wa watayarishaji, kwa sababu filamu yenyewe iliingia kwenye Filamu Bora. Na Gosling hakumchukulia Robbie nafasi, kwa maana waigizaji wa kiume na wa kike wana orodha tofauti. Watu walisema Akademia imempa Ken na kumnyima Barbie, kana kwamba Akademia ni mtu mmoja aliyeshika mizani mbili. Jambo kama hilo lilitokea pia Januari 2013: Ben Affleck alikosekana kwenye orodha ya waelekezi, na mwezi uliofuata filamu yake, Argo, ikashinda Filamu Bora. Wapiga kura walikuwa wengine.

Hapo bado sijafika kwenye kitu kilichonishangaza zaidi, nacho ni namna kura zinavyohesabiwa. Nilidhani kila mtu huweka alama kwenye majina matano, kisha matano yenye alama nyingi hupita. Sivyo. Mpiga kura huyapanga majina kwa utaratibu: wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka wa tano. Na upangaji huo unahesabiwa kwa njia ambayo sikuielewa mpaka nilipoigeuza kuwa mfano wa leso, yaani kanga.

Tuseme kuna harusi, na wanawake 120 wa ukoo wanatakiwa wachague leso tano za sare kutoka maduka ya Biashara Street. Kila mmoja anapewa noti ya shilingi 1,000. Noti hiyo ndiyo kura yake. Anaandika leso anazozitaka kwa utaratibu, na noti yake inawekwa juu ya ile aliyoitaja kwanza. Jumla iliyopo ni shilingi 120,000.

Leso inahitaji shilingi ngapi ili ipite? Chukua kura 120, gawanya kwa sita, yaani nafasi tano ukiongeza moja. Unapata 20. Ongeza moja: 21. Leso ikifikisha shilingi 21,000 imepita. Kwa nini 21? Kwa sababu leso tano zinaweza kufikisha kiasi hicho, ila sita haziwezi kamwe: sita mara 21,000 ni 126,000, na pesa hizo hazipo. Basi 21 ni idadi ndogo kabisa inayohakikisha kwamba hazitapita zaidi ya tano.

Sasa, kisutu, mojawapo ya leso hizo, kimependwa mno. Wanawake 40 wamekiweka cha kwanza, kina shilingi 40,000, na kilihitaji 21,000 tu. Zimezidi 19,000. Kwa hesabu ya kawaida pesa hizo zingelala pale bure, na wapenzi wa kisutu wangekuwa wameadhibiwa kwa wingi wao. Hapa wanarudishiwa chenji. Gawa 19,000 kwa watu 40: kila mmoja anarudishiwa shilingi 475, na chenji hiyo inakwenda kwenye leso aliyoiandika ya pili. Kumi kati yao waliandika leso ya korosho. Korosho ilikuwa na shilingi 18,000 zake. Sasa inapokea 4,750, inafika 22,750, nayo imepita. Akademia hairudishi chenji kwa kila ziada ndogo. Lazima iwe kubwa kiasi. Lakini wazo ni hilo hilo. Kura moja inaweza kugawanyika, kipande kikamsaidia huyu na kipande kikamsaidia yule.

Baada ya chenji wanaanza kutoa kutoka chini. Leso yenye pesa kidogo kuliko zote inaondolewa, na noti za walioipenda zinahamishiwa kwenye chaguo lao linalofuata ambalo bado limo. Kisha inayofuata kutoka chini, na inayofuata, mpaka zibaki tano.

Sasa itazame leso ya samawati. Hakuna asiyeipenda. Wanawake wote 120 wameiandika kwenye karatasi zao, kila mmoja akaiweka ya tatu. Ukiuliza barazani utaambiwa hiyo lazima ipite. Na ndiyo inayotoka mwanzo kabisa, kwa sababu haina noti hata moja juu yake. Karatasi zote zina jina lake, na haikupata hata shilingi.

Hapa ndipo neno "kunyimwa" linapokosa maana. Karatasi ya kura haina mahali pa kuandika hapana. Hakuna mwanamke kati ya wale 120 aliyeikataa samawati. Iliondoka kwa kuwa hakukuwa na kundi, hata dogo, lililoipenda kuliko nyingine zote. Mfumo huu hautafuti anayekubalika na wengi. Unatafuta makundi matano yenye mapenzi makali, kila kundi likapata mtu wake. Huenda ndivyo ilivyokuwa kwa Gerwig, kwamba waelekezi wengi walimwandika wa tatu au wa nne. Nasema huenda, kwa sababu Akademia haitangazi hesabu za kura, na yeyote anayesema fulani alikosa kwa kura chache anakisia.

Upande wa pili wa sarafu ulionekana Januari 2023. Andrea Riseborough aliteuliwa kwa filamu ndogo, To Leslie, iliyokuwa imeingiza dola 27,000 hivi tu kwenye majumba ya sinema. Waigizaji wenzake mashuhuri walikuwa wamemsifu mitandaoni na kuwaita marafiki waje kuitazama. Zogo likazuka, Akademia ikachunguza kampeni ile, ikaamua uteuzi ubaki. Watu waliuliza: filamu isiyoonwa na mtu imeingiaje? Piga hesabu ya leso. Tawi la waigizaji lilikuwa na watu takriban 1,300. Gawanya kwa sita, ongeza moja: ni kama 217. Hata wangepiga kura wote, watu wasiotimia 220 waliomweka wa kwanza wangetosha.

Lakini isichukuliwe kwamba, kwa kuwa hakuna anayekataa, basi hakuna kosa. Mapenzi makali huja kwa mtu uliyemtazama na kazi iliyokugusa, kwa hiyo swali zito ni nani ameshika karatasi. Mwaka 2012 gazeti la Los Angeles Times lilichunguza orodha ya wanachama, likakuta asilimia 94 ni wazungu na asilimia 77 ni wanaume. Miaka mitatu na minne baadaye, 2015 na 2016, waigizaji wote 20 walioteuliwa walikuwa wazungu, mara mbili mfululizo. Mfumo unaotafuta makundi yenye mapenzi hauwezi kupata kundi ambalo halimo ukumbini. Akademia ikaanza kualika wanachama wengi zaidi, wakiwemo wa nje ya Marekani. Kwangu mimi badiliko hilo lina uzito kuliko hotuba yoyote iliyotolewa jukwaani. Lingine ni la 2025: mwanachama hawezi tena kupiga kura ya mwisho katika kitengo ambacho hajatazama filamu zake zote zilizoteuliwa. Kwamba ilichukua karibu miaka mia moja kanuni hiyo kufika kwenye kila kitengo ni jambo ambalo bado nalifikiria.

Na kuna kioja kimoja zaidi. Kura ya mwisho haifuati njia ya leso. Katika vitengo karibu vyote mshindi ni mwenye kura nyingi tu, kama uchaguzi wetu wa mbunge. Filamu Bora ndiyo yenye utaratibu wa pekee: filamu kumi hupangwa, ya chini hutolewa, kura zake huhamia chaguo linalofuata, mpaka moja ipate zaidi ya nusu. Hapo samawati, ikishaingia tu, inaweza kushinda, kwa sababu wengi walioiandika ya pili na ya tatu sasa wanahesabika. Ili uingie unahitaji wachache wanaokupenda mno, na ili ushinde unahitaji wengi wasiokuchukia.

Binti wa kaka yangu alikuwa na swali la pili jioni ile, nalo ni la karibu na nyumbani. Miezi michache kabla, Mvera, filamu ya Daudi Anguka wa huku Pwani, ilikuwa imechaguliwa kuiwakilisha Kenya, na watu wengi wakaandika kwamba imeteuliwa Oscar. Kuwakilisha nchi si kuteuliwa. Mwaka ule Kitengo cha Filamu ya Kimataifa kilipokea filamu moja tu kwa kila nchi. Zilikubaliwa filamu za nchi 88, zikachujwa zikabaki 15, kisha tano. Mvera haikufika kwenye zile 15. Filamu yenye jina la Kiswahili iliyoteuliwa kweli ni Watu Wote, mwaka 2018, inayosimulia shambulio la basi la Mandera, lakini iliingia kupitia kitengo cha filamu fupi na ilitoka chuo cha filamu cha Hamburg, Ujerumani. Filamu fupi haziwakilishi nchi.

Kitengo cha kimataifa kina masharti yake. Mazungumzo mengi lazima yawe ya lugha nyingine isiyo Kiingereza. Mwaka 2019 filamu ya Nigeria, Lionheart, iliondolewa kwa sababu hiyo, ingawa Kiingereza ndicho lugha rasmi ya nchi ile. Na filamu lazima ioneshwe sinemani siku saba mfululizo. Ndiyo maana Septemba 2018 Mahakama Kuu ya Kenya iliiondolea filamu ya Rafiki marufuku kwa siku saba kamili. Hata hivyo Kenya ilipeleka Supa Modo.

Na aliyeamua ipelekwe ipi? Hapo ndipo nilipomrudia binti wa kaka yangu kumwambia kwamba chumba nilichomweleza kipo kweli. Kiko hapa hapa Kenya. Kamati ya watu wachache wa filamu hutazama zilizoletwa, ikazijadili, ikachagua moja, na nyingine zote zikaishia hapo kabla hata karatasi moja ya kura haijafunguliwa California.