Wino wa masizi kwa ufuta na gundi ya mkorosho

Mwaka juzi mama mmoja wa hapa Mikindani, Mtwara, aliniletea karatasi mbili ndani ya bahasha. Ya kwanza ilikuwa orodha ya minazi ya babu yake, imeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Karatasi imegeuka rangi ya chai na wadudu wameitoboa kwenye mikunjo, lakini weusi wa maandishi haujapungua hata kwenye nukta. Ya pili ilikuwa makubaliano ya mpaka wa shamba hilohilo, yaliyoandikwa kwa kalamu ya dukani miaka ya 1990. Humo imebaki michirizi ya zambarau tu. Sahihi za mashahidi hazionekani tena.

"Mwalimu," akaniuliza, "mbona ya zamani ndiyo inayosomeka?"

Mimi kazi yangu ni kuandika khati, yaani maandishi ya Kiarabu ya mapambo, na wino natengeneza mwenyewe, kwa hiyo jibu nilikuwa nalo. Wino wa babu yake ni masizi. Masizi ni kaboni, na kaboni haivunjwi na mwanga wala haili karatasi. Wino mwingi wa kalamu za dukani ni rangi iliyoyeyushwa, na mwanga huivunja kidogo kidogo mpaka ipotee. Udhaifu mkubwa wa wino wa masizi ni maji: karatasi ikilowa, maandishi yanaweza kukimbia. Ndiyo maana uliwafaa watoto wa chuo cha Kurani, waliouandikia ubao, wakahifadhi, wakaufuta, wakaandika tena. Na ndiyo maana nilimwambia yule mama akae na hati ile mbali na paa linalovuja.

Barua za Kiswahili za zamani kuliko zote zinazojulikana ziliandikwa Kilwa, hapo kwa jirani zetu wa Lindi, mwaka 1711, na zinahifadhiwa mpaka leo Goa, nchini India. Pwani hii ilikuwa na vidau vya wino majumbani zamani sana. Linaloniuma ni kwamba ufundi wenyewe tumeuacha, na huku karibu kila kinachohitajika kinaota kusini: ufuta, mkorosho, matete ya kuchongea kalamu.

Nianze na masizi yenyewe. Wengi wakisikia habari hii hukimbilia sufuria. Masizi ya sufuria ya kuni yana kaboni, kweli, lakini yamebeba pia lami ya moshi, majivu na mafuta ya kitoweo. Ukiyasaga utapata wino wa kahawia, unaonata na kunuka moshi. Kwa ubao wa kufutwa jioni hayana neno. Kwa karatasi, nataka masizi ya taa.

Utazame ulimi wa moto wa kibatari. Ule mwanga wa manjano ni masizi yenyewe yanayong'aa. Joto huvunja mvuke wa mafuta mahali ambapo hewa haitoshi, punje ndogo za kaboni zinazaliwa, zinang'aa, halafu zikifika ukingoni zinakutana na hewa na kuungua kabisa. Ukiweka kitu baridi katikati ya safari hiyo, punje zinaganda juu yake. Kukusanya masizi ni kuzikamata punje kabla hazijaungua.

Mafuta ninayotumia ni ya ufuta. Mafuta ya taa hutoa masizi mengi na ya haraka, lakini yananuka na yana uchafu wa mafuta ambao utakusumbua baadaye. Mafuta ya nazi yanafaa, ila kwa moto wangu yamekuwa yakitoa masizi machache. Mpira wa tairi usiuguse kabisa. Moshi wake ni sumu. Wala usichome maganda ya korosho ukidhani umepata njia ya mkato, maana mafuta ya ganda yanababua ngozi na moshi wake unawasha macho na kifua. Wabanguaji wa korosho wanalijua hili kwa mikono yao.

Mafuta ya ufuta ni mazito, hayapandi kwenye utambi mrefu kama yanavyopanda mafuta ya taa. Kwa hiyo kibatari cha kopo hakifai. Chukua kisahani cha udongo, mimina mafuta kidogo, laza utambi mnene wa pamba uliosokotwa, ncha yake itokeze ukingoni kiasi cha upana wa kidole. Utambi mnene unavuta mafuta mengi kuliko hewa inayopatikana, na huo ndio moto tunaoutaka, moto wenye moshi. Juu yake funika bakuli la udongo lililoegemezwa kwenye mawe matatu, kama mafiga, ncha ya moto ikaribie bakuli bila kulilamba. Moto ukigusa, masizi yanaungua palepale au yanakuwa ya mafuta. Ukiwa mbali mno, yanapeperuka.

Kila baada ya nusu saa ninainua bakuli na kulipangusa kwa unyoya wa kuku, masizi yaangukie kwenye karatasi laini. Usingoje yajae. Masizi yanayokaa muda mrefu juu ya joto hukomaa vibaya, yanakuwa na chenga. Kitabu kimoja cha ufundi cha China cha mwaka 1637 kinahesabu kwamba kila sehemu 16 za mafuta hutoa sehemu moja na ushei ya masizi mazuri. Mimi sijawahi kufika huko, kwa sababu mengi yangu huondoka na upepo. Miezi ya kusi hapa Mikindani upepo unapita hata kwenye nyufa za dirisha, na moto unaoyumba hautoi kitu. Istanbul walilimaliza tatizo hili kwa ujenzi: msikiti wa Süleymaniye, uliokamilika mwaka 1557, mjenzi wake Sinan aliupangia njia za hewa ili moshi wa taa ukusanyike kwenye chumba juu ya mlango, na masizi yake yakatengenezewa wino. Kila nikiwaza habari hiyo nafurahi. Mtu alijenga nyumba ya ibada akawakumbuka na waandishi.

Wewe tumia kona ya ua iliyokingwa, yenye hewa ya kutosha kupumua, na ufunge pua na mdomo kwa barakoa. Punje hizi ni ndogo kuliko sehemu ya elfu ya milimita. Zinaingia mapafuni bila kukuomba ruhusa.

Masizi yakishapatikana, yanahitaji kuchomwa. Hapo watu wanashangaa: masizi yachomwe tena? Yanachomwa bila hewa, ili mafuta yaliyosalia yatoke. Waandishi wa zamani wa nchi za Kiislamu waliyafunga kwenye karatasi, wakaizungushia donge la unga na kuoka. Mimi ninayashindilia kwenye kopo dogo la chuma lenye kifuniko, nimelitoboa tundu moja la msumari, na kuliweka juu ya jiko la mkaa. Moshi mwembamba hutoka tunduni. Ukikoma, ninaliepua na kuliacha lipoe kabisa, mara nyingi mpaka kesho yake. Nilipokuwa najifunza nilifungua kopo likiwa bado na joto. Masizi yalishika hewa, yakaanza kumeremeta wekundu kutoka ukingoni kwenda katikati, na kazi ya siku nne ikawa majivu mbele ya macho yangu. Kopo lipoe.

Sasa gundi, na hapa ndipo penye wino wenyewe. Weupe wa karatasi unafunikwa na masizi, lakini masizi peke yake ni vumbi. Ukiyamwaga majini yanaelea, kwa sababu kaboni haipendi maji. Ukiyalazimisha kwa kukoroga, yanashikana mabonge na kuzama. Gundi inafanya kazi mbili: nyuzi zake ndefu zinazizunguka punje ili zisirudi kushikana, na wino ukikauka inazibandika karatasini.

Katika nchi nyingi hutumika gundi ya mgunga. Nilipoanza sikuwa nayo, nikatumia sandarusi, kwa kuwa wazee wa hapa waliitaja kama gundi na ni mali ya pwani yetu hasa. Karne ya 19 ilichimbwa ardhini, ikapelekwa Unguja, na nyingine ikavuka bahari hadi Salem, Marekani, kutengenezea vanishi. Niliiponda, nikailoweka, nikaichemsha. Haikuyeyuka. Sandarusi ni ulimbo wa aina inayokubali mafuta na spiriti, maji haiyajui, na ndiyo sababu inafaa vanishi. Wino wangu ulikuwa maji meusi yenye changarawe. Kwa hiyo ukipewa kipande cha gundi yoyote usichokijua, kitumbukize kwanza kwenye glasi ya maji usiku kucha. Asubuhi kikiwa kimelainika na maji yanateleza vidoleni, kinafaa. Kikiwa bado kigumu kama kioo, kirudishe kwa mwenyewe.

Jibu lilikuwa shambani muda wote. Mkorosho uliojeruhiwa, kwa panga au kwa wadudu wanaotoboa shina, hutoa gundi inayoganda matone ya rangi ya asali. Gundi hii ni ya jamii moja na ya mgunga, inayeyuka majini, na mashamba ya Mtwara yamejaa miti hiyo. Usiichanganye na mafuta ya ganda la korosho niliyoyataja. Hii hutoka kwenye gome la shina. Omba ruhusa ya mwenye shamba, chukua matone yaliyokwisha kukauka, usiukate mti kwa ajili ya wino. Yachague yaliyo safi, yaponde kwenye kinu, yaloweke kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, na kesho yake uchuje mara mbili kwa kitambaa chepesi. Daima kitabaki kitu kisichoyeyuka, vipande vya gome na utelezi mzito. Kiache kitambaani.

Kiasi ninachoanzia ni gramu 5 za masizi, gramu 10 za gundi kavu, na maji mililita 60 hivi kwa jumla. Gramu 5 zinasikika chache, lakini masizi ni mepesi. Utaona zinajaza kikombe kidogo.

Usimwage maji yote mara moja. Weka masizi juu ya jiwe la kusugulia liwa, au kwenye kinu kidogo cha shaba cha kupondea iliki, fanya shimo katikati, tia vijiko viwili vya gundi nzito, uanze kukanda taratibu. Wapo wanaotangulia kuyalowesha masizi kwa matone ya spiriti, nayo husaidia, kwa kuwa kaboni inaikubali spiriti upesi. Mimi siitumii, kwa sababu wino wangu unaandika aya za Kurani. Uzito wa gundi unatosha, ila mkono uvumilie. Mwanzoni masizi yatakukataa, yatateleza pembeni makavu. Endelea. Ghafla yatashika, yatakuwa kama lami laini yenye mng'ao. Hapo ndipo kusaga kunaanza.

Saga. Saga tena. Mimi husaga kwa muda wa saa moja baada ya alasiri, siku tatu, nikiongeza maji kwa matone rojo linapokauka. Wino uliosagwa dakika kumi na uliosagwa saa tatu ni vitu viwili tofauti hata kama vimetoka kopo moja. Wa kwanza ni wa kijivu na unaziba kalamu. Wa pili unashuka kwenye tete kama maziwa na kuacha mstari mweusi wenye kingo kali. Mwanafunzi akiniambia wino wake umekataa, simuulizi masizi wala gundi. Namuuliza alisaga kwa muda gani.

Kuupima ni rahisi. Dondosha tone kwenye glasi ya maji: likitawanyika kama moshi, vizuri, likishuka na chenga, rudi kwenye jiwe. Kisha andika mstari, uache ukauke, upitishe kidole. Kidole kikitoka cheusi, gundi ni chache. Mstari ukimetameta na kupasuka karatasi inapokunjwa, gundi imezidi, ongeza masizi yaliyosagwa. Andikia kalamu ya tete au ya mwanzi. Kalamu ya kisasa ya kujaza wino usiitie huu hata kwa kujaribu, gundi itakauka ndani na kuiua.

Gundi ni chakula, na masika kuvu hulijua hilo. Ninatumbukiza karafuu tatu nne kwenye chupa na kufunga vizuri. Ukitaka kukaa nao miaka, mimina wino mwembamba kwenye kisahani, ukauke kivulini uwe kidonge, kisha siku ya kazi ukisugue kwa maji kidogo. Ndani ya kidau weka usufi kidogo. Kalamu itagusa usufi na kuchukua wino wa kutosha bila kudondosha.

Jambo moja nalisema kwa uzito. Wino huu haunywewi. Kombe, yaani aya zinazoandikwa kisha zikaoshwa ili maji yake yanywewe, huandikwa kwa zafarani na marashi, na hivyo ndivyo iendelee. Masizi yana kemikali zisizofaa tumboni, hata yakichomwa mara mbili, na mtoto asiachiwe kuchezea unga wake.

Yale makubaliano ya mpaka tuliyaandika upya. Shahidi mmoja bado yuko hai, akaja akasimulia, na majirani wa pande zote wakaridhia. Wakati wa kutia dole gumba hatukutafuta kidau cha mhuri. Mzee alichovya kidole kwenye rojo zito lililobaki juu ya jiwe, akakibandika chini ya jina lake, na mistari yote ya kidole ikatoka.

Halafu akashika ndoo ya maji kunawa, nikamzuia. Maji na sabuni vikitangulia, vinayasambaza masizi mpaka kwenye kucha. Jipake kwanza mafuta yaleyale ya ufuta, sugua mpaka weusi ulegee, futa kwa kitambaa kikavu, ndipo uoshe kwa sabuni.