Je, wajua jinsi kitafunwa kinavyoweza kukolea bila mafuta wala sukari?

Kiazi mviringo kibichi kina maji takriban asilimia 80 ya uzito wake, na mafuta yake hayafiki hata nusu asilimia. Kikate vipande vyembamba, vikaange viwe krispi, kisha pima tena: karibu theluthi moja ya uzito sasa ni mafuta. Maji yametoka, mafuta yameingia. Mwenye kutaka kujua kama inawezekana kutengeneza kitafunwa kitamu nyumbani bila kuongeza mafuta wala sukari, na kisiwe kama kutafuna boksi, aanze na mabadilishano hayo.

Mafuta ya kukaangia huwa na joto la nyuzi 170 hadi 190 hivi za Selsiasi. Kipande cha kiazi kikizamishwa humo, maji yake hugeuka mvuke na kutoka kwa fujo. Ndiyo yale mapovu tunayoyaona. Mvuke ukiwa unatoka, mafuta hayapati upenyo wa kuingia. Sehemu yake kubwa huingia baadaye, kipande kikishaopolewa: kinapoanza kupoa, mvuke uliobaki kwenye vitundu hurudi kuwa maji, unaacha nafasi tupu, na mafuta yaliyokishikilia kwa nje yanafyonzwa ndani. Kwa hiyo kinachofanya krispi ilie mdomoni ni kuondoka kwa maji. Mafuta yalikuwa chombo cha kupeleka joto haraka, na yakabaki ndani bila kualikwa.

Hewa ya moto hufanya kazi ileile, ila polepole zaidi, na hapo ndipo wengi wanapokata tamaa. Wanajaza trei hadi vipande vinapandana, mvuke unakosa pa kutokea, na kilichokusudiwa kuokwa kinaishia kuchemka. Vipande viwe vyembamba na vya unene mmoja, vipangwe safu moja, kila kimoja kiwe na nafasi yake. Kabla ya hapo viloweke kwenye maji kama dakika 20, kisha uvikaushe kwa kitambaa mpaka visiache alama ya unyevu. Kile kinachoitwa kikaangio cha hewa si muujiza: ni oveni ndogo yenye feni kali, na feni hiyo huondoa haraka unyevu unaozunguka chakula.

Kuloweka kuna faida nyingine. Mwaka 2002 wanasayansi wa Sweden walitangaza kwamba vyakula vya wanga vikipikwa kwa joto kali bila maji, viwe vimekaangwa au kuokwa, hutengeneza akrilamaidi, kemikali inayoshukiwa kusababisha saratani. Maji ya kuloweka huondoa sehemu ya sukari ya kiazi inayochangia jambo hilo. Kwa sababu hiyohiyo, toa trei vipande vikiwa na rangi ya dhahabu. Vikifikia kahawia iliyoiva sana, umechelewa, na kutotumia mafuta hakukusamehe.

Ule mlio wenyewe si jambo dogo. Mwaka 2004 Massimiliano Zampini na Charles Spence wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha jaribio ambalo watu walitafuna krispi huku wakisikia mlio wa utafunaji wao kupitia vipokea sauti. Mlio ulipoongezwa, krispi zilezile zilionekana kwao kuwa mpya na kavu zaidi. Sikio nalo linakula. Ndiyo maana dengu zilizookwa zikakauka vizuri humridhisha mtu kwa namna ambayo dengu za kuchemsha haziwezi, ingawa ni chakula kilekile. Zichemshe hadi ziive, zichuje, zikaushe kwa kitambaa, kisha zioke kwenye nyuzi 200 kwa dakika 30 hadi 45 huku ukizitikisa mara kwa mara.

Kitafunwa kinachohitaji mafuta kidogo kuliko vyote ni bisi, kwa sababu punje ya mahindi ya bisi ina kila kitu ndani yake. Ina maji kidogo, kama asilimia 14, yaliyofungiwa ndani ya ganda gumu. Likipata joto, maji hayo hutaka kuwa mvuke lakini hayana mlango, na shinikizo hupanda hadi kufikia kama mara 10 ya shinikizo la hewa inayotuzunguka. Hatimaye ganda linashindwa. Wanga uliokwisha kulainika hufumuka ghafla na kuganda ukiwa povu jeupe. Wanafizikia wa Ufaransa Emmanuel Virot na Alexandre Ponomarenko walipima jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 2015: kwenye nyuzi 170 ni kama theluthi tu ya punje zilizopasuka, lakini kwenye nyuzi 180 zilipasuka karibu zote. Sufuria nzito yenye mfuniko, moto wa wastani na mkono usioacha kutikisa vinatosha kabisa. Mafuta husaidia tu joto lienee sawasawa. Punje zilizokaa wazi muda mrefu zikakauka mno hazipasuki hata ukizibembeleza, maana yale maji hayamo tena.

Tatizo la bisi zisizo na mafuta ni kwamba chumvi na viungo haviwezi kushika, vinaangukia chini ya bakuli. Saga chumvi iwe unga laini, nyunyizia bisi maji ya limau yaliyochanganywa na maji kidogo (manyunyu tu, usizilowanishe), kisha tia viungo papo hapo. Kwa karanga, mbegu za maboga au dengu, ute wa yai uliopigwa kidogo ni gundi nzuri zaidi, kwa kuwa hukauka ukiokwa na kushikilia viungo. Limau lina zawadi ya ziada: uchachu huufanya ulimi uhisi chumvi zaidi ya iliyopo, kwa hiyo unaweza kupunguza na chumvi yenyewe.

Ladha je? Harufu ile ya kitu kilichookwa, inayomvuta mtu jikoni, hutokana na mmenyuko uliopewa jina la Louis Camille Maillard, Mfaransa aliyeueleza mwaka 1912. Asidi amino za protini hukutana na sukari za asili zilizomo kwenye chakula, na joto likipita nyuzi 140 hivi, mkutano huo huzaa rangi ya kahawia na mamia ya harufu. Chakula kilicholowa hakifiki hapo, kwa sababu maji hulishikilia joto kwenye nyuzi 100 mpaka yaishe. Tumerudi kwenye maji tena. Karanga zilizokaangwa kavu kwenye kikaango kitupu hupata harufu hiyo bila tone la mafuta ya nyongeza, kwani zina mafuta yake zenyewe, karibu nusu ya uzito wake. Zinafaa, lakini kiganja kimoja kwa mkao mmoja ni kipimo chema. Gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9, na mwili hauulizi kama yametoka kwenye chupa au kwenye karanga.

Utamu nao unaweza kuzaliwa ndani ya chakula, na hapa mwalimu ni kiazi kitamu. Kina kimeng'enya kinachokata wanga na kuutengeneza kuwa maltosi, aina ya sukari. Kimeng'enya hicho hufanya kazi kwa bidii kati ya nyuzi 57 na 77 hivi, wakati wanga umeshaanza kulainika. Joto likizidi hapo, kinaharibika. Kiazi kinachopashwa joto haraka, kama kwenye maikrowevu, hulipita eneo hilo mbio na kutoka na utamu mchache. Kinachookwa kizima na ganda lake, taratibu, kuanzia oveni ikiwa baridi, hukaa humo muda mrefu na kutoka kitamu kana kwamba kimetiwa kitu. Kikishaiva kikate vipande, uvirudishe kwenye oveni ya moto mdogo vipungue maji. Mimi naviona bora kuliko biskuti nyingi.

Ndizi hufanya kazi hiyo bila moto. Mbichi imejaa wanga. Ikiiva hadi ganda lenye madoadoa meusi, wanga huo karibu wote umeshakuwa sukari. Igandishe vipande vipande kwenye friza, uvisage kwenye blenda, na utapata kitu kizito, laini na baridi kinachofanana na aiskrimu. Mdalasini au vanila vikiongezwa huonekana kuzidisha utamu ingawa havina utamu wenyewe. Pua imezoea kuzikuta harufu hizo pamoja na vitu vitamu, na ubongo unajazia kilichopungua. Chembe ya chumvi nayo hufifisha uchungu, na utamu uliokuwa umefichwa nao unajitokeza.

Hapa pana ujanja wa kujihadhari nao. Mapishi mengi yanayojiita "bila sukari" humimina asali, sharubati nzito au juisi ya matunda, kana kwamba hizo si sukari. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linazihesabu zote, pamoja na sukari ya mezani, kuwa sukari huru, na linataka zisifikie asilimia 10 ya nishati ya siku; chini ya asilimia 5, kama gramu 25 kwa mtu mzima, ni bora zaidi. Tunda zima halimo kwenye hesabu hiyo. Matunda makavu nayo yametolewa maji, sukari ikabaki palepale: zaidi ya nusu ya uzito wa zabibu kavu ni sukari, na hunata menoni. Tende mbili zilizokatwakatwa ndani ya shayiri na karanga ni kiungo. Kikombe kizima cha tende zilizosagwa ni sukari yenye jina lingine.

Vitafunwa hivi vikavu vina adui mmoja, nao ni unyevu wa hewani. Viache vipoe kabisa kabla ya kuvifungia, maana vikifunikwa vikiwa na joto, mvuke wao wenyewe utavilainisha. Chombo kiwe kisichopitisha hewa. Vikilainika hata hivyo, usivitupe: dakika 5 kwenye oveni ya moto wa wastani huondoa maji yaliyoingia, na mlio unarudi.