Rais wa Bunge si bosi wa wabunge

Sokoni Kadutu, hapa Bukavu, kuna imani ya miaka mingi: mtoto wetu akiwa rais wa Bunge kule Kinshasa, basi sheria ni zake na barabara zitakuja. Sivyo.

Anaongoza vikao, anatoa nafasi ya kusema, anatunza utulivu. Kura yake ni moja kati ya 500. Sheria ikipita inakwenda Seneti, kisha kwa Rais wa Jamhuri, mwenye siku 15 za kuitangaza. Pesa za barabara? Hizo hutumiwa na serikali (ikitaka).

Nguvu yake halisi ni kwenye ratiba: husimamia mkutano unaoamua nini kijadiliwe na lini, na hoja inaweza kulala kabatini. Lakini wabunge waliomchagua wanaweza kumtoa. Disemba 2020 walimwondoa Jeanine Mabunda kwa kura 281. Na Vital Kamerhe, wa kwetu huku Kivu ya Kusini, alijiuzulu Machi 2009, baada ya kukosoa hadharani kuingia kwa jeshi la Rwanda. Chama chake mwenyewe ndicho kilichomsukuma.